Kamera ya Zamani na Nyuso za Wazee Wetu

Siku hizi picha si kitu adimu. Mtoto wa Goba hutwaa simu ya mama yake, na kabla ya chai kupoa amekwisha piga picha ishirini. Lakini simu ikiibwa au ikitumbukia majini, mara nyingi picha zote hupotea pamoja nayo, na huenda ilikuwamo ya babu, ambaye hawezi kupigwa nyingine tena. Kwa sababu hiyo twaeleza hapa habari za kamera ya namna nyingine, waliyoitumia wapiga picha wa magazeti ya zamani, ambayo wako watu hata leo waitengenezao na kuitumia.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Speed Graphic, iliyotengenezwa Rochester, katika jimbo la New York, Marekani. Ilianza mwaka 1912, ikaachwa kutengenezwa mwaka 1973. Kwa kamera ya namna hii Joe Rosenthal alipiga ile picha ya askari wakisimamisha bendera katika kisiwa cha Iwo Jima, tarehe 23 Februari 1945. Umbo lake ni sanduku. Ukilifungua, lenzi hutoka mbele juu ya reli, na nyuma yake viriba vyeusi vya mikunjo kama vya kodiani. Haitumii ukanda wa filamu, bali vipande, kimoja kimoja, vya inchi 4 kwa 5. Vipande hivyo vyauzwa hata leo, na kiwanda cha Ilford cha Uingereza ni mmoja wa watengenezaji wake.

Apataye kamera kama hii na asiianze kazi kwa haraka. Kwanza aingie katika chumba cha giza, atie taa ndogo ndani ya viriba, na kutazama kwa nje. Palipo na tundu pataonekana kama nyota. Apazibe kwa gundi nyeusi, maana mwanga mdogo tu huharibu filamu. Pili, aangalie lenzi. Katika pwani yetu unyevu huotesha kuvu juu ya kioo, mfano wa utando wa buibui. Kuvu ikiwa changa hufutwa kwa spiriti na kitambaa laini, wala si kwa pindo la shati. Ikikaa sana hula kioo chenyewe. Baadaye lenzi ikae katika kopo la kufunga barabara, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Tatu, asikilize mlango wa lenzi. Ukiwekwa kwa sekunde moja nao wakawia kujifunga, mafuta yake yameganda. Usafishwe na fundi, wala usiongezewe mafuta.

Kupiga kwenyewe kwataka utaratibu. Tuseme babu ameketi chini ya mwembe huko Goba, mahali palipokuwa katika Wilaya ya Kinondoni na sasa pamo katika Wilaya ya Ubungo. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu, na mpigaji hutazama nyuma katika kioo chenye ukungu, ambamo babu huonekana kichwa chini, miguu juu. Akiisha kuona macho ya babu ni dhahiri, hufunga mlango wa lenzi, hutia kibao cha filamu, huchomoa kifuniko chake, ndipo apigapo. Kivulini, kwa filamu ya nguvu 100, tundu la 5.6 na sehemu ya 50 ya sekunde hufaa mara nyingi. Kisha kifuniko hurudishwa kikiwa kimegeuzwa, upande mweusi nje, ili ijulikane kwamba kipande hicho kimekwisha kutumika. Kibao kina vipande viwili tu, kimoja kila upande. Basi hapana kupiga ovyo. Mpigaji hutazama kwanza, na babu huulizwa apendavyo kukaa.

Dawa ya kutokeza picha hupimwa kwa joto la digrii 20, lakini maji ya bomba ya Dar es Salaam huwa na joto zaidi. Yakiwa ya moto, picha hutokea upesi mno, na utando wa filamu hulainika. Kwa hiyo kazi hufanywa alfajiri, na beseni ya dawa huwekwa ndani ya beseni kubwa yenye maji na barafu. Filamu nyingi haziruhusu hata taa nyekundu; mikono hujifunza kufanya kazi gizani.

Mwisho hupatikana negativu kubwa, kitu cha kushikwa mkononi, ambayo ikitunzwa pakavu huwashinda wenye nyumba kwa umri. Picha za Walther Dobbertin, aliyekuwa mpiga picha katika nchi hii zamani za Wadachi, zimo hata leo katika hazina ya kumbukumbu ya Ujerumani. Na picha za wamisionari wa Leipzig, walizopiga Kilimanjaro, zimehifadhiwa vilevile. Lakini mtu akizitazama huingiwa na huzuni. Nyingi zimeandikwa "askari" tu, au "wanawake wa Kichaga". Nyuso zi wazi kabisa, hata mikunjo ya nguo yahesabika; majina hayako. Wajukuu wao huenda wazipita picha hizo bila kujua kwamba wamemwona bibi yao.

Basi ninyi wazazi, na ninyi walimu mnaowapiga watoto wa shule picha, iwe kwa kamera ya kale au kwa simu, msiache kazi nusu. Juu ya bahasha ya negativu, au nyuma ya picha iliyochapwa, andikeni kwa penseli jina la kila mtu, mahali, na mwaka. Tena fanyeni hivyo siku ile ile, babu angali yupo kuwaambia yule aliyeketi kando yake ni nani.