Kompyuta imegoma kuwaka? Kagua haya kabla ya kufunga safari ya Kariakoo

Asubuhi moja nilikuwa kibandani kwa fundi mmoja hapa Jangwani, mwendo mfupi kutoka Soko la Kariakoo. Akaingia kijana aliyesafiri kutwa nzima jana yake, kompyuta ya mezani ameiviringisha kwenye blanketi. Kijijini kwao ndiyo inayochapa barua na kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi, na ilikuwa haijawaka siku nne. Fundi akachomoa kipande kimoja, akakifuta, akakirudisha. Ikawaka. Kazi ya dakika tano, lakini nauli ilishaliwa.

Nilimwomba fundi anieleze anaanzia wapi. Akasema: kwanza itazame inagomaje. Kuna kugoma kwa aina tatu.

1. Imekufa kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, tatizo ni soketi au ekstensheni. Ikichaji, sukuma vizuri waya wa umeme nyuma ya kasha, lile tunaloliita sipiyu, kisha angalia swichi ndogo iliyo karibu na waya huo kama imewashwa.

Baadhi ya kompyuta za mtumba zina pia kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Kikiwa kwenye 115, ukichomeka tu saplai inaungua. Kirekebishe waya ukiwa umechomolewa.

Kama bado, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha waya, jaribu tena. Isipowaka, huenda saplai imekufa. Usiifungue saplai yenyewe: ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa, na unaweza kukudhuru vibaya. Hubadilishwa nzima.

2. Feni inazunguka, skrini ni giza

Hakikisha skrini ina umeme wake na waya unaoiunganisha na kasha umekaza pande zote mbili. Ukisikia milio ya "pii, pii", ihesabu. Maana yake hutofautiana kwa kila kampuni, lakini fundi ataijua.

Mara nyingi tatizo ni ramu, kile kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Vumbi na unyevu huyachafua. Chomoa umeme, fungua kasha, gusa chuma chake ili kuondoa umeme wa mwilini. Fungua vibanio, toa ramu, futa meno yake taratibu kwa ufutio safi wa penseli, ondoa vumbi la ufutio, kisha irudishe mpaka vibanio vilie "ka". Hiki ndicho alichofanyiwa yule kijana.

3. Inawaka lakini haifiki mwisho

Ikisema haioni diski, toa kwanza flashi na uwashe upya. Huenda inajaribu kuwakia humo. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma kila unapowasha, betri ndogo ya saa imeisha. Nyingi hutumia CR2032 ya volti 3, iliyo bapa kama sarafu.

Ikiwaka kisha ikazima baada ya dakika chache, inawezekana inapata joto. Zima, chomoa umeme, ondoa vumbi kwenye feni kwa brashi laini iliyo kavu.

Lakini diski ikigonga "ka-ka-ka", zima hapo hapo. Kila ukiiwasha unahatarisha kazi zako. Na fundi akitaka kupiga Windows upya, mwambie anakili mafaili yako kwanza, kwa sababu kupiga upya kunaweza kuyafuta.

Ikiingia maji

Jangwani wanalijua hili. Bonde la Msimbazi hufurika, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Kompyuta iliyolowa usiiwashe "kujaribu tu". Maji ya mafuriko huacha tope na chumvi, na umeme ukipita juu yake huunguza hata kilichokuwa kizima. Kata umeme wa nyumba ukiwa mahali pakavu, ndipo uiguse, kisha ipeleke kwa fundi ikiwa imezima.

Ukilazimika kusafiri

Rekodi kwa simu yako milio na maandishi yanayotokea. Kama skrini ni nzima, beba kasha tu. Kipande kikibadilishwa, omba kile cha zamani. Na kuanzia leo, kazi za wateja ziweke pia kwenye flashi. Kipande kilichoungua kinanunulika. Fomu ya mwanafunzi iliyopotea siku ya mwisho ya maombi hainunuliki.