Tovuti ya Video: Tusijenge Nyumba Bila Ardhi

Kikundi kimoja cha kina mama na vijana huku kwetu Likoni kilikuwa kikipiga video fupi za mapishi na ushonaji. Video zikapendwa, maagizo ya maandazi na nguo yakaanza kuingia kwa simu. Wakaamua wawe na tovuti yao. Wakachanga shilingi 20,000, wakamlipa fundi, naye akawatengenezea tovuti ya kupendeza kweli: picha kubwa, rangi za bahari, video zimepangwa safu safu.

Baada ya mwaka mmoja tovuti ikafungika. Fundi amehama, simu yake haishiki. Kumbe jina la tovuti alilisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, na ada ya mwaka haikulipwa. Mama mwenyekiti akatuuliza, "Sasa jamani, na video zetu ndio zimepotea?"

Hazikupotea. Lakini tulipokaa nao tuliona kwamba sote, na sisi wahudumu tukiwemo, tulishughulika na urembo wa tovuti bila kuelewa vipande vyake. Basi tuvieleze.

VIPANDE VINNE VYA TOVUTI

Kutoka Kisauni hadi Likoni, wengi wetu tunajua maana ya kuwa na nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini kiwanja ni cha mwingine. Tovuti nayo iko hivyo.

Jina la tovuti ni kama hati ya kiwanja. Mahali inapohifadhiwa, yaani kompyuta ya kampuni unayoilipa kila mwaka, ndicho kiwanja chenyewe. Video ni vyombo vya ndani. Na themu ni ramani ya nyumba pamoja na rangi yake: mlango uko wapi, sebule ni kubwa kiasi gani.

Tovuti nyingi hutumia WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, yenye maelfu ya themu za bure. Ziko zilizotengenezwa hasa kwa wapiga video. Hizo huweka video mpya juu kabisa, nyingine huzigawa kwa mafungu, kwa mfano Mapishi na Ushonaji, na huweka kitufe cha kumpeleka mtazamaji kwenye chaneli yenu.

Mara nyingi video yenyewe haikai ndani ya tovuti. Inakaa YouTube, na themu inaionyesha tu kwa kutumia kiungo chake. Ndiyo maana video za kina mama hazikufa: akaunti ya YouTube ilikuwa ya kikundi. Lakini tusijidanganye, YouTube pia ni ardhi ya mwenyewe. Akaunti ikifungwa, usipokuwa na nakala zako umebaki mikono mitupu.

KUCHAGUA THEMU

1. Ijaribuni kwa simu ya kawaida, msiitazame kwenye kompyuta ya fundi peke yake. Themu nzuri hujipanga yenyewe kulingana na ukubwa wa kioo.

2. Video isianze kucheza kabla mtu hajabonyeza. Nyaya kubwa za intaneti za chini ya bahari zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, lakini watu wetu bado wananunua bando la shilingi chache chache. Video ya dakika 10, ikienda kwa megabiti 1 kwa sekunde, inakula MB 75. Ikijianzisha yenyewe, umemlia mgeni wako bando bila kumwomba.

3. Angalieni umbo la video zenu. Themu nyingi zimepimwa kwa video pana, 16 kwa 9. Mliopiga simu ikiwa wima mna 9 kwa 16, na hapo mtaona kiza pande zote mbili au vichwa vya watu vimekatwa.

4. Ichukueni kwa mwenyewe. Kuna themu za kulipia zinazogawiwa bure kichochoro. Nyingine zimefichwa programu mbaya ndani yake za kumfungulia mwizi mlango. Ya bure ya halali ni bora kuliko ya bei ya wizi.

JINA NA FUNGUO

Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC; .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida. Jina lisajiliwe kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi. Neno la siri liwe kwa viongozi wawili. Tarehe ya kulipa ada iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano, na nakala ya tovuti na ya video zote ihifadhiwe pembeni.

Tena, baadhi ya themu huja na fomu ya kuandika jina na namba ya simu. Ukizikusanya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Na kabla ya kumwonyesha mtoto, mzazi wake akubali kwanza.

JE, THEMU ITALETA PESA?

Peke yake, hapana. Ili kupata mgao wa matangazo, YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa kikundi kidogo faida ya karibu ni ile ya maandazi: mteja aone kazi, apige simu, aagize.

Wenzetu wa Likoni wamesajili jina jipya, safari hii kwa barua pepe ya kikundi. Themu ni ya bure. Wanalipia jina na uhifadhi tu. Haing'ai kama ile ya kwanza, lakini mwenyekiti na katibu wote wanajua mlango unafunguliwaje.

MASWALI YA KUJADILIANA

Jina la tovuti yetu limeandikwa kwa nani? Fundi akihama kesho, tutaingiaje? Jirani yetu mwenye bando la shilingi 20 ataweza kutuona?