Tiyo ndogo ya saa ya presio: iangalieni kabla ya mavuno

Kooperative nyingi za kwetu ziko na kamioneti moja tu, na mara nyingi ni ya zamani: Toyota ya miaka ya 80, ama Land Rover iliyokwisha kupita kwa mabwana wanne. Msimu wa kahawa ukifika, ni gari hiyo inashusha matunda mekundu toka milimani mpaka kituo cha kuoshea. Matunda yakilala ndani ya magunia yanachacha, na bei inaanguka. Kwa hiyo moteri ikifa njiani, hasara si ya shofere peke yake. Ni ya kila mwanamemba aliyechuma siku ile.

Gari hizo nyingi ziko na saa ya presio ya mafuta ya moteri kwenye tablo. Kuna saa za waya wa umeme, hizo leo tunaziacha. Zingine hazitumii umeme: tiyo nyembamba, karibu milimita 3, inatoka kwenye moteri, inapita katika ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya shofere, na inaleta mafuta yenyewe mpaka nyuma ya tablo. Ndani ya saa mna bomba dogo lililopindwa kama upinde. Presio ikipanda linataka kunyooka, na mshale unasogea. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hati ya ufundi huo mwaka 1849, na ungali unatumika vilevile.

Saa yenyewe haina shida kubwa. Shida ni tiyo.

Kama ni ya shaba, kutikisika kwa moteri kunaifanya ngumu siku kwa siku, kisha inapasuka, kwa kawaida karibu na nati. Ndiyo maana fundi mzuri anaikunja mizunguko miwili ama mitatu kama resori kati ya moteri na bodi, ili mtikisiko uishie pale. Ukiona imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mwambie aikunje. Shaba iliyokwisha kuwa ngumu inalainika tena ikitolewa, ikisafishwa mafuta yote, na kuchomwa mpaka iwe nyekundu kidogo. Tiyo za plastiki ni bei ndogo, lakini mimi sizipendi upande wa moteri: zikigusa tiyo ya moshi zinayeyuka.

Pale inapopita katika chuma lazima pawe na mpira. Bila mpira, chuma kinaikata polepole kama msumeno, na hakuna anayeona.

Ikitoboka, moteri yenyewe inasukuma mafuta yake nje. Tundu ni dogo, lakini barabara zetu ni ndefu. Mafuta yakirukia tiyo ya moshi yenye moto, gari inaweza kuwaka. Na yakiisha, moteri inakwama, na pesa ya kuitengeneza inaweza kumeza faida ya msimu.

Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, moteri ikiwa imepoa, pangusa tiyo yote kwa kitambaa. Washa, chukua torshi, tazama kila nati, hata nyuma ya tablo. Vumbi iliyoshikana na mafuta ni alama. Ukikaza nati, kaza kidogo tu. Inazuia mafuta kwa pete laini ya shaba ya njano, na ukiiponda haifungi tena. Pale usiweke tefloni. Tefloni ni ya kiungo kinachoingia kwenye moteri, na uache nyuzi mbili za mbele wazi, kipande kisije kikaziba tiyo.

Kiungo hicho kimeharibu moteri nyingi. Magari ya Kijapani yanatumia tundu la inchi 1/8 lenye nyuzi 28 kwa inchi; viungo vya Kimarekani viko na 27. Vinaingia mizunguko ya kwanza bila shida, kisha vinakaza, na mwenye haraka anatumia nguvu. Akikataa kuingia kwa mkono, si wake.

Asubuhi ya baridi, kama kule Lubero, mshale unaweza kupanda polepole kwa sababu mafuta ni mazito. Hiyo si ugonjwa. Lakini usiposogea hata kidogo kwa sekunde kumi, zima. Ukianguka kwenye sifuri njiani, zima papo hapo na upime mafuta. Yakiwa yametosha, legeza nati ya nyuma ya saa, weka kitambaa, zungusha moteri kidogo kwa starta. Mafuta yakitoka, saa ndiyo imekufa. Yasipotoka, tiyo imezibwa ama pompe haisukumi. Usiendeshe, ita fundi.

Kuna mafundi wanaosema: toa saa, acha taa nyekundu. Taa hiyo kwa kawaida inawaka presio ikiwa chini ya nusu bar, yaani karibu imeisha. Bora mbaki na vyote viwili.

Na ndani ya sanduku la vyombo wekeni bushoni moja ya chuma inayolingana na tundu la moteri yenu, iliyojaribiwa mapema garajini. Tiyo ikipasuka, shofere anasubiri moteri ipoe, anaitoa, anafunga tundu, anaongeza mafuta, na magunia yanafika kabla ya usiku.