Yuan Inapogeuka Pauni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kuwa kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na kila namba husomwa kwa kutazama jedwali. Leo tuone hasara yake kwa mfanyabiashara.

Liuhua ni eneo la Guangzhou lililo jirani na stesheni ya reli. Maonyesho ya Canton yalifanyika hapo tangu 1974 kabla ya kuhamia Pazhou, na masoko ya nguo za jumla kama Baima yanajulikana hadi Kariakoo. Tuseme muuzaji wa hapo anaandika profoma: gauni ¥45, katoni sentimita 60×40. Mteja Dar es Salaam anafungua barua pepe, anakuta £¤45 na 60¡Á40.

Bei haikuguswa na mtu. Katika GB2312, jedwali la China la 1980 lenye herufi za Kichina 6,763, alama hiyo ya yuan ni baiti mbili, A3 na A4. Kompyuta ya mteja imezisoma kwa jedwali la Ulaya Magharibi, ambamo kila baiti hujitegemea: A3 ni pauni ya Uingereza, A4 ni alama ya fedha yoyote. Alama ya kuzidisha, A1 na C1, nayo imegawanyika hivyo hivyo. Tarakimu zimesalimika kwa kuwa majedwali yote mawili yamezirithi kutoka ASCII ya Marekani.

Hicho ndicho kinachonitia hofu. Barua iliyovurugika yote humshtua msomaji. Lakini tarakimu sahihi zikitanguliwa na pauni, mtu mwenye haraka atazipigia hesabu.

Tangu 1992, kanuni za MIME zinaruhusu barua itaje jedwali lake kwenye kichwa chake. Mwaka huohuo Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, inayobeba maandishi ya lugha zote. Lakini nayo ikisomwa kwa jedwali la Ulaya, yuan ile hutoka ï¿¥.

Kwa hiyo mwombe ajenti wako aandike CNY kwa herufi. Ukipokea vurugu, usiinakili wala kuipeleka mbele. Fungua barua ya asili, ubadilishe jedwali kwenye programu yako. Ukiona alama za kuuliza tupu mahali pa herufi, mara nyingi baiti zenyewe zimeshafutwa njiani, na hapo huna budi kumwomba muuzaji atume upya.