Watoto wa kambi: Wakati kampuni ilikuwa baba



Pengine wewe uko kule juu Minembwe, unasoma kurasa hizi karibu na moto kwa sababu ya baridi. Pengine uko Baraka kando ya ziwa, ao uko Misisi ambako ulikuja kutafuta dhahabu. Po pote ulipo, mwezi huu twende pamoja mpaka Lubumbashi, mji wa shaba. Labda katika jamaa yako kuna baba mkubwa ao mjomba aliyeshuka Kalemie, akapanda treni, akaenda kutafuta kazi kule. Kama yuko hai, ukimaliza kusoma umwendee, umwombe akusimulie. Utaona macho yake yanabadilika.

FIRIMBI YA ASUBUHI

Jiweke wewe mwenyewe kuwa mtoto wa miaka kumi katika kambi ya wafanyakazi, kabla ya uhuru wa 1960. Nyumba yenu ni ya matofali, ndogo, sawasawa na nyumba ya jirani, na ya jirani wa jirani. Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. Alfajiri firimbi ya kazi inalia, na mji mzima unaamka. Baba anavaa nguo za kazi, anaondoka. Wewe hauna saa, lakini unajua wakati, kwa sababu firimbi haisahau.

Ukiinua macho unaona bomba la moshi la kiwanda, refu kupita miti yote, na karibu yake ule mlima mweusi. Mlima huo Mungu hakuuweka pale. Ni takataka za mawe yaliyoyeyushwa kwa kutoa shaba tangu 1911, zikamwagwa mwaka kwa mwaka mpaka zikawa mlima. Upande ule upepo ulisukuma moshi, miti ilikufa na udongo ukabaki wazi. Watoto walijua harufu yake kali kooni. Hata hivi, wazee wengi waliokomaa pale wanapoona picha ya lile bomba wanasema: “Pale njo kwetu.”

SIKU YA POSHO

Siku nzuri ilikuwa siku ya posho. Mama anachukua beseni na mufuko, anapanga mustari. Unga wa bukari, maharagi, mafuta, chumvi, samaki wa kukauka. Kampuni ilihesabu baba, ikahesabu mama, ikahesabu na watoto. Mwenye watoto wengi alipewa zaidi. Mtoto mchanga alipimwa uzito kwenye dispansari ya kampuni. Mkubwa alienda masomo yaliyosimamiwa na wamisionari. Mama alifundishwa kushona na kupika katika nyumba ya wamama. Hata taa na maji vilitoka kwa kampuni.

Njo maana watu walisema: “Kazi njo baba, kazi njo mama.” Halikuwa neno la kuchekesha. Lilikuwa kweli ya kila siku.

Na michezo? Mwaka 1939 wapadri Wabenedikto walianzisha timu ya mpira ambayo leo inaitwa TP Mazembe. Mwaka ule ule watu wa reli nao wakawa na timu yao, Saint-Éloi Lupopo. Wakati Mazembe ilipotwaa kombe la Afrika 1967 na tena 1968, watoto wa kambi walitembea kifua mbele, kama vile wao wenyewe walipiga mabao.

SABABU GANI KAMPUNI ILIPENDA JAMAA?

Hapa simama kidogo, msomaji, tuulize. Je, kampuni ilifanya haya kwa upendo tu?

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Mji wenyewe, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ulianza 1910, na reli kutoka kusini ikafika mwaka huo. Mwanzoni kampuni ilitafuta wanaume peke yao, kwa miezi michache. Walitoka Rhodesia Kaskazini, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Waliishi vibaya, magonjwa yaliwamaliza, wengine walikimbia. Kila mara kampuni ilipaswa kutafuta wengine na kuwafundisha upya. Hiyo ilikuwa hasara.

Basi kuanzia 1928 ikageuza njia. Ikatoa mapatano ya miaka mitatu na kuwaalika wafanyakazi waje na bibi zao. Mwanaume mwenye jamaa hatoroki. Mtoto anayezaliwa kambini, akala unga wa kambi na kusoma masomo ya kambi, kesho ni mfanyakazi. Unaona? Beseni la posho lilikuwa zawadi, lakini lilikuwa na kamba pia.

Kamba hiyo ilionekana Desemba 1941. Vita ilipandisha bei ya vitu, na wafanyakazi walitaka nyongeza ya mushahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi alikufa pale pamoja na wengine wengi. Uwanja wa michezo ya watoto uligeuka kuwa uwanja wa matanga.

BOMBA MOJA LA MAJI, LUGHA NYINGI

Kuna jambo lingine ambalo wazee hawasahau. Kwenye bomba la maji asubuhi walikutana Muluba, Mubemba, Mulunda, Musonge, Mutabwa. Kila mama na lugha yake. Lakini ndoo ni ndoo, na zamu ni zamu. Lazima waseme na wasikilizane. Watoto ndio walishinda wakubwa: katika kucheza mpira wa matambara walisema Kiswahili, kile cha Lubumbashi, ambacho mtu wa pwani akikisikia anacheka, lakini ndicho walichoota nacho ndoto. Mama akipata kilio, jirani alikuja na unga bila kuulizwa kabila.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1992 na 1993, wakati siasa ilikuwa imechafuka na njaa imeingia, maneno mabaya yalitupwa dhidi ya watu wenye asili ya Kasai. Walifukuzwa katika nyumba zao. Makumi ya maelfu walilala kwenye vituo vya treni Likasi na Kolwezi, majuma na miezi, wakingoja kupelekwa inchi ambayo wengi wao hawajaiona hata siku moja, maana walizaliwa Katanga. Wengi walikufa njiani, na watoto kwanza.

Wale waliochota maji pamoja! Sisi wa Fizi na Minembwe tunajua uchungu huu, hatuhitaji kufundishwa. Bomba moja la maji halitoshi kufanya undugu. Undugu unachungwa kila siku kama ng'ombe. Ukiuacha usiku mmoja, fisi anapita.

BABA ALIPOANGUKA

Mwaka 1967 serikali ilitwaa kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Posho iliendelea, masomo yaliendelea, hospitali pia. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Nani angefikiri kwamba itaanguka?

Lakini mali ilikuwa inatoka bila kurudi kutengeneza mashine. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 askari na watu waliharibu na kupora katika miji ya inchi. Kufika 1994, shaba ya mwaka mzima haikufika tani 50,000. Mushahara ulichelewa mwezi, kisha miezi, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa hesabu ya mwisho na kuambiwa kwaheri.

Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya jamaa hizi 2001. Katika jina lake aliwaita “Bana Shaba” walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Na baba wa nyumbani, je? Heshima yake ilikuwa imefungwa kwenye ile kazi. Kazi ilipokwisha, alikaa mlangoni na kofia yake, hajui aseme nini kwa watoto.

Nani alishika nyumba? Mama. Alianza kuuza mikate, makala, unga kwa vikombe. Alilima kiwanja kando ya mji. Watoto nao waliingia kuchimba na kusafisha mawe. Yule aliyekuwa anangoja posho na beseni, sasa beseni lile lile aliweka kichwani kwenda sokoni. Wababa wengine waliona haya. Wengine, waliobarikiwa akili, walishika jembe pamoja na bibi zao, na nyumba hizo zilisimama.

NA SISI HUKU?

Usiseme hayo ni ya Katanga. Hapa katika Kivu yetu, Kamituga ilikuwa na kambi, hospitali na masomo ya kampuni. SOMINKI iliundwa 1976, na miaka ya 1990 ilikufa. Wafanyakazi walibaki wanadai.

Leo kijana anatoka Minembwe, anauza ng'ombe mmoja wa baba yake, anashuka machimboni. Hakuna kampuni ya kumpa posho. Akipata dhahabu, inaisha kwa juma moja katika bia na muziki. Akikosa, anaona haya kurudi. Kijana, hatukuambii usichimbe. Yosefu kule Misri hakukataa miaka ya shibe, lakini alijenga ghala mbele ya njaa. Dhahabu ya leo igeuke kuwa masomo ya mdogo wako, mbuzi, shamba, mashine ya kushona ya mama.

Na wewe baba: usiache kazi iwe baba wa watoto wako kwa pahali pako. Kazi inaweza kufungwa kwa barua moja. Mtoto atakumbuka kama ulikaa naye, ukamfundisha, ukasali naye.

Lile bomba la moshi Lubumbashi lingali limesimama. Watu wanalipiga picha. Lakini ukiuliza waliokomaa chini yake kitu gani kiliwaokoa, hawatakuonyesha bomba. Watakuonyesha mama mmoja na beseni lake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani ao kitu gani kimekuwa “baba na mama”? Kikiondoka kesho, tutaishi namna gani?
2. Je, kazi ya mama inaheshimiwa kwetu mbele ya shida, ao tunangoja shida ndipo tuione?
3. Jirani yetu wa kabila lingine, tulimtembelea lini mara ya mwisho?