Je, Wajua? Dau la Shilingi Moja

Je, wajua kwamba Kathleen Ferrier, mwimbaji mashuhuri wa Uingereza, aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kuunganisha simu katika posta ya Blackburn? Mumewe aliweka naye dau la shilingi moja kwamba hatathubutu kuimba kwenye mashindano ya Carlisle ya mwaka 1937. Alithubutu. Akashinda uimbaji, na piano pia!

Opera alizowahi kuigiza jukwaani ni mbili tu. Februari 1953, akiigiza Orfeo katika mojawapo ya opera hizo pale Covent Garden, London, mfupa wa mguu uliokwisha kuliwa na saratani ulivunjika katikati ya onyesho. Aliegemea, akaimba hadi mwisho; watazamaji wengi hawakushtukia lolote. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 41.