Kabla ya kununua 'ubongo' mwingine wa gari, pima volti

JIRANI yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua kompyuta ya gari ambayo hakuihitaji. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, naye fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, akaona nambari P0563 na kukata shauri kwamba 'ubongo' wa gari umeungua. Pesa zilitoka katika karo ya kifungua mimba wake. Wiki mbili baadaye ule ubongo mpya nao ukazima, safari hii ukitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Ule wa kwanza, aliouacha gereji, huenda ulikuwa mzima.

Huenda nawe, msomaji, una gari lililotumika Japani kabla ya kufika kwako, na siku moja utaambiwa maneno kama hayo. Basi sikiza. Nambari P0563 haisemi kwamba kompyuta imeharibika. Inasema kwamba kompyuta imeona volti zimepanda kupita kiasi. Yaani yenyewe ndiyo inayopiga mayowe, na anayepiga mayowe ya mwizi si lazima awe ndiye mwizi.

Stima ya gari hutengenezwa na alteneta, ambayo huzungushwa na injini kwa ukanda. Kadiri injini inavyokimbia ndivyo alteneta inavyoweza kutoa stima nyingi, na ndiyo sababu ikawekewa regyuleta ya kuizuia isipite kipimo. Regyuleta ikifa vibaya, stima hufurika. Vivyo hivyo, katika magari ambayo regyuleta huletewa habari za betri kwa waya mwembamba, waya huo ukikatika au kushika kutu alteneta hudhani betri ina njaa, ikazidi kuilisha.

Dalili huwa hazijifichi. Usiku taa za mbele hung'aa zaidi kila ukikanyaga mafuta. Balbu huungua mara kwa mara. Betri hunuka kama mayai viza, maji yake hukauka upesi, na wakati mwingine mbavu zake huvimba. Ukikuta hali hiyo usiwashe kiberiti wala sigara karibu nayo, kwani betri inayochemka hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Sasa chukua mita ya kupimia stima, kama hizi zinazouzwa madukani Luthuli Avenue. Iweke kwenye volti za stima ya betri, kipimo cha 20. Hakikisha waya mwekundu hauko katika tundu la ampea. Ukikosea hapo, cheche zitakazoruka zitakutoa mbio. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, gusisha waya mwekundu upande chanya wa betri na mweusi upande hasi. Betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6.

Washa injini, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Mwambie mtu akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, nawe uweke mikono, tai au leso mbali na ukanda. Kwa magari mengi mita itasoma kati ya 13.5 na 14.7. Kuna magari ya kisasa ambayo kompyuta yenyewe huiamuru alteneta, na humo kipimo huweza kushuka au kukaribia 15 kwa muda bila ya kosa lolote. Lakini ukiona 16, au namba zinaendelea kupanda pamoja na injini, zima mara moja.

Halafu fanya lile ambalo fundi wa mwalimu hakulifanya. Mashine ya kusoma hitilafu huonyesha pia volti ambazo kompyuta inadhani inazipata. Linganisha namba hiyo na ya mita yako. Zote mbili zikisema 16, kompyuta imesema kweli. Mtafute mkosaji kwenye alteneta, regyuleta na nyaya zake. Mita ikisema 14.2 nayo kompyuta iseme 16, hapo ndipo pa kuishuku kompyuta, na hata hapo chunguza kwanza plagi yake kama imeingia maji au kutu.

Iwapo mita haionyeshi kosa lolote lakini nambari hurudi, jaribu kutikisa vishikio vya betri kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya stima. Kishikio kikilegea injini ikinguruma, alteneta hutupa wimbi la ghafla linaloweza kufika makumi ya volti kabla hujapepesa jicho, nayo mita yako haitaliona.

Hapa sina budi kuwasuta baadhi ya mafundi wetu. Kuna mtindo wa kung'oa waya wa betri injini ikiwaka ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Kwa magari ya zamani yasiyo na kompyuta pengine mtu aliponea. Kwa gari la leo, huko ni kuliitia wimbi hilo kwa makusudi. Ukimwona fundi akinyoosha spana kufanya hivyo, mzuie hata kama ni mzee wako. Usikubali pia kusaidiwa kuwasha gari lako la volti 12 na lori la volti 24, na kabla ya bodi kuchomelewa, betri ifunguliwe, injini ikiwa imezimwa.

Kama gari limekwisha kupigwa na stima na fyuzi ya kompyuta inaungua kila ukiibadilisha, usiweke fyuzi kubwa zaidi. Kompyuta nyingi zina kijidude cha ulinzi mlangoni mwake ambacho hukubali kufa ili kingine kipone, na kikifa hukata fyuzi. Fundi wa elektroniki anaweza kukibadilisha bila wewe kununua kompyuta nzima.

Mwalimu alipata regyuleta nyingine, ikawekwa kabla ya kompyuta ya tatu kuguswa. Mita sasa hukaa garini chini ya kiti, na kifungua mimba wake, ambaye karo yake ilichelewa muhula ule, ndiye huishika kila Jumamosi. Juzi nilimsikia akimpigia babake kelele kutoka nyuma ya boneti: "Kumi na nne nukta mbili!"